Jioni ya Uraia Kisimani Temeke

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na tope hunirudisha, hata leo, kwenye kisima chetu cha Temeke, enzi za Mwingereza. Nawaambieni kweli, hunirudishia na woga wa siku ile.

Serikali ilikuwa imeleta somo jipya shuleni, uraia, pamoja na agizo kwamba lisiishie darasani. Mwalimu wetu akaamua tukilinde kisima. Watu walifulia ukingoni, povu likirudi ndani, na watoto wa mtaani waliharisha. Mdogo wangu Saidi alikuwa hoi kitandani. Mwalimu alinichagua mimi nikaseme na akina mama kwa sababu nilikariri vizuri kuliko wenzangu. Hakujua kuwa nilikariri kwa hofu ya kukosea. Isitoshe, kwetu mtoto hamkanyi mkubwa.

Nilimkuta Bi Mwajuma anafua, mama wa Kizaramo ambaye hata wanaume walimpisha njiani. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza kumwaga sentensi zangu: serikali inaagiza hivi, serikali inakataza vile.

Akanitazama juu mpaka chini. Sisi Wanyamwezi, ambao babu zetu walibeba mizigo ya misafara, ni watani wa Wazaramo, basi hakunionea huruma. Aliwauliza wenzake tangu lini wapagazi wakawafundisha watu wa pwani kufua, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akanigeukia, taratibu.

"Hiyo serikali yako, mjukuu wangu, huja kuteka maji hapa?"

Sentensi zote zikaniruka.

"Haiji, bibi. Nateka mimi. Anakunywa Saidi, na sasa hata kukaa hawezi."

Kicheko kilikatika. Bi Mwajuma alikamua kanga yake, akajitwika beseni la povu.

"Ungeanza na hilo, mpagazi," alisema, akashuka kwenda kulimwaga bondeni, mbali na maji. Mmoja mmoja, wenzake wakajitwika yao wakamfuata. Mwili ulinisisimka nikiutazama ule msururu wa mama zetu ukishuka.

Saidi alipona. Mtihani wa uraia niliupata wote, na majibu yangu yalijaa habari za gavana wa Mwingereza, ambaye hakuna aliyetuuliza kama tunamtaka. Kwa miaka mingi nilidhani huko ndiko nilikofaulu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwa nini mwili ulinisisimka vile pale kisimani: hapakuwa na askari, wala jumbe, wala faini. Watu wazima walisikia neno la mtoto, wakajiamulia wenyewe.