Mbeleko Niliyoipeleka Geita

Nilitumwa Geita kupeleka hongera. Shangazi yangu Milembe, dada wa baba, alikuwa amekwenda kule kuwapikia wachimba dhahabu baada ya kuachwa na mume wa pili kwa kukosa mtoto. Sasa alituma neno kwamba damu yake ya mwezi, iliyokwisha kukoma kabisa, imerudi, basi bado atazaa. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Shinyanga, habari hiyo ilipokewa kwa vigelegele. Baba alitoa kuku mweupe. Mama mkwe wangu, aliyekua pamoja na shangazi tangu utoto, alitwaa ngozi ya mbuzi, akailainisha kwa samli mpaka ikawa laini kama kitambaa, akaishona mbeleko ya kumbebea mtoto.

"Mpe, Mama Masanja," aliniambia. "Na umwambie asidhani yuko peke yake."

Akacheka, nami nikacheka. Nilijua jinsi wale wawili walivyopenda kutaniana.

Asubuhi ya safari nilipanda lori lililokuwa likienda Kahama kuchukua pamba, nikakaa juu ya magunia matupu huku nimemkumbatia yule kuku. Mimi sikuwahi kufika mbali zaidi ya stesheni ya Shinyanga, kwa hiyo kila kitu kilinishangaza. Kahama nikahamia lori la kwenda Geita; hapo mbuga zetu zilitoweka na miti ikatusogelea pande zote mbili. Barabara aliyoilimisha Bwana DC ilikuwa imeliwa na mvua, na mara kwa mara tulishuka kulisukuma lori.

Segese tulikuta mama anauza viazi vitamu vya kuchemsha.

"Ng'wangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mhola," nikamjibu, nikamweleza niendako na sababu yake. Akakichagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akakifunga kwenye jani. "Mpelekee. Ale yeye na huyo anayekuja."

Geita tuliingia jua likielekea kuzama. Niliusikia mgodi kabla ya kuuona, maana vinu vya kusagia mawe vilitikisa ardhi mpaka nyayoni. Watu walikuwa wa kila namna, Waha, Wahaya, Wanyamwezi, wenye kanzu na wenye rozari shingoni, wote wamepakwa vumbi lilelile jekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alinikumbatia, nikaisikia mifupa yake mgongoni. Alikuwa amekonda sana, lakini uso uling'aa. Nilimkabidhi kuku, kiazi na mbeleko; mbeleko aliivaa palepale, akazunguka nayo uani kama bibi harusi. "Kesho unisindikize kliniki," akasema. "Nesi wa wajawazito anihesabie, nijue nitapata mtoto lini."

Kisha akainua debe la maji, na damu ikamchuruzika mguuni. Akaifuta kwa upindo wa kanga bila haya. "Unaona? Haingoji hata mwezi uandame."

Niliwahi kuzaa mara nne na nilijua damu ya mwezi haiji kwa kunyanyua debe. Furaha niliyotoka nayo nyumbani iliniishia pale pale uani.

Kesho yake, kliniki, wasichana wenye matumbo makubwa walimpisha shangazi kwenye benchi, wengine wakificha kicheko viganjani. Yeye alikaa kichwa juu, mbeleko mapajani. Nesi aliitwa Kabula, mwanamke mfupi wa gauni jeupe, kijana tu. Alipomwona shangazi alipiga magoti yote mawili juu ya sakafu, akamsalimu kwa adabu zote za kwetu. Nilikuwa sijapata kumwona mtumishi wa serikali akimpigia magoti mpishi, nikastaajabu.

Hakumkatalia neno. Alimuuliza tu damu huja lini, ina harufu gani, na kama mgongo unamuuma. Kisha akasema, "Shangazi, nina njia ya kuutazama mlango wa kizazi. Utautazama na wewe. Sitaona kitu nikakuficha."

Kitanda cha chuma kilikuwa kando ya dirisha. Nesi alikuwa na chombo chenye midomo miwili kama ya bata, alichokipasha moto kwanza kwenye maji, na kioo cha mkononi. Kwa kioo hicho alilikamata jua la dirishani akalielekeza ndani. Shangazi akapewa kioo kingine. Alitazama kwa muda mrefu.

"Pale penye kidonda," nesi akasema taratibu, "nikigusa kwa pamba panatoa damu. Hiyo ndiyo damu unayoiona. Si ya mwezi. Naogopa ni kansa, lakini daktari wa Mwanza ndiye atakayehakikisha. Ikiwa ndiyo, bado ni ndogo. Wakikitoa kizazi sasa, unaweza kupona."

"Na mtoto?"

"Mtoto hayupo, shangazi. Pole sana."

Shangazi alishuka kitandani, akajifunga kanga. "Kizazi ndicho nilichobaki nacho," akasema. "Hata wewe nesi huwezi kunionyesha kwamba cha wengine hakiko hivyo hivyo."

Akaelekea mlangoni. Hapo nikaelewa kwamba nikimwacha shangazi avuke mlango ule, nitarudi Geita kumzika. Kwetu shangazi ndiye humfundisha binti mambo ya mwili wake, na yeye ndiye aliyenifundisha mimi nilipovunja ungo. Mbele yake sikuwa na haya ya kuona.

"Shangazi, nitazame mimi," nikasema, nikapanda kitandani.

Nesi akapasha chombo kingine. Shangazi akainama, nami nikapewa kioo. Jua likaingia. Nikauona mlango waliopitia wanangu wote wanne, wa waridi, mviringo, unang'aa, umetulia mahali pake bila kujali kwamba kuna mtu anautazama. Machozi yalinitoka. Miaka yote ile nilikuwa natembea na kitu kizuri namna hiyo na sikujua kina sura gani.

"Huu ni mzima," shangazi akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyonifundishia zamani. "Wangu unaliwa."

Nesi alitueleza kwamba huwaita hata wasioumwa, kila anayeleta mtoto kuchanjwa, awatazame. Wenye vidonda vidogo huwatibu palepale kabla havijawa kitu. Wengi hukataa. Yeye huwafuata majumbani, akamenya nao mihogo mpaka wakubali.

Kabla hatujatoka shangazi aliitandika mbeleko juu ya kile kitanda. "Chuma hiki ni baridi," akamwambia. "Wengine walalie hii."

Tulivuka kwa kivuko hadi Mwanza, na huko daktari alithibitisha, wakamfanyia upasuaji. Nilikaa naye mpaka alipoweza kutembea kwa kunishika bega. Alilia mara moja tu, siku alipomsikia mtoto mchanga wodi ya jirani. Kisha akaomba uji, akamaliza bakuli.

Tulirudi kwa treni. Tulipofika nyumbani wanawake walikuwa wamejaa uani wakingoja vigelegele. Shangazi hakuniacha niseme. Aliwasimulia mwenyewe yote, damu, kioo, kidonda. "Mwanamke aliyekoma kisha akaona damu," akamalizia, "asishangilie. Aende akatazamwe."

Wakatawanyika bila vigelegele. Mama mkwe wangu hakuondoka. Alikaa pale pale mkekani, mikono mapajani, mikono ile iliyoishona mbeleko.

"Mama Masanja," akaniita, "nilikwambia umwambie hayuko peke yake. Haukuwa utani."

Mzigo wangu ulikuwa bado umefungwa. Nikajitwisha tena, nikamshika mkono, nikatoka kuuliza lori la Kahama linaondoka saa ngapi.