Hamira ya Mjomba Anselmi

Kila ninapopita penye harufu ya mabibo yaliyochacha, nami nimepita pengi maana miguu yangu haijui kutulia, namkumbuka mjomba Anselmi, na mdomo unajikunja wenyewe kwa dharau.

Nilifika Nyangamara nikiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya siku tatu za barabara kutoka Morogoro, ya mwisho juu ya magunia ya chumvi. Mama mkubwa alinipokea kwa mikono inayonata. Alikuwa akitengeneza pombe ya uraka: alikamua mabibo, akamimina maji yake mtungini, akaufunika kwa kitambaa, basi. Hakutia kitu kingine. Baadaye aliweka sikio kwenye mtungi. Ukivuma kama nyuki waliochokozwa, alisubiri. Ukinong'ona, aliita wateja.

Mjomba, mdogo wake, alikaa Ujerumani miezi minane akijifunza mashine za kusaga. Alirudi na tai, na tabia ya kukohoa kabla ya kila sentensi. Basi akaja mama mmoja wa Kizungu, anaandika kwa Kiingereza kijitabu cha vinywaji vya kusini, na Wajerumani fulani wanataka maneno ya kwao pembeni. Mama mkubwa aliahidiwa kwamba uraka wake utaandikwa kwa jina lake, namna anavyoutengeneza. Akafua kanga yake mpya mara mbili.

Kazi ya maneno hayo ya Kijerumani alipewa mjomba. Alijifungia siku nne na kamusi. Kuchacha akaandika Gärung. Kamusi ikamletea na hamira, akaandika Hefe. Mtungi ulikuwa hatua kumi kutoka mezani pake, hakuusogelea.

"Anselmi, njoo usikilize kwanza," mama mkubwa alimwita.

"Dada, hii ni kazi ya kitaalamu."

Siku ya kukabidhi, mgeni alisoma orodha, akauliza kwa Kiingereza hamira inatiwa saa ngapi. Mjomba akakohoa. Akasema asubuhi na jioni! Halafu akamtafsiria dada yake, kwa fahari kabisa.

"Hamira?" mama mkubwa akashangaa. "Kwani napika maandazi?" Akanigeukia. "Wewe una Kiingereza cha mjini. Mwambie hapana. Neno moja tu."

Mgeni akaniangalia. Nilimtazama mjomba na tai yake, nikamtazama mama mkubwa, miguu mitupu, inzi wa mabibo wanamzunguka. Nikajiuliza, huyu asiyejua hata kusoma atamsahihisha mtu aliyefika Ulaya?

"Yes, madam," nikasema. "Morning and evening."

Kijitabu kilikuja msimu uliofuata. Jina lake lilikuwemo, na chini yake hamira, mara mbili kwa siku, kwa lugha mbili. Wanawake wa kijiji walisomewa, wakacheka wiki nzima. "Mama Hamira, leo umeumua?" Aliendelea kukamua mabibo yake.

Mwaka huo huo niliondoka, na sijarudi tena. Alinisindikiza hadi kwenye lori. Dereva akamuuliza, "Mwanao huyu, mama?"

"Hapana," akasema. "Huyu wa Anselmi."

Kwao mtoto ni wa mjomba wake, kila mtu husema hivyo, kwa hiyo nilipanda nikatabasamu, nikampungia mkono. Ilinichukua miaka mingi na miji mingi kutambua kwamba siku ile hakuwa akitaja ukoo.