Nani Alikuwa Anabandua Tangazo Langu la Bia

Mwizi wangu hakutaka hela. Hakutaka sukari wala sabuni. Alikuwa anaiba karatasi moja tu, iliyobandikwa mlangoni pangu, na karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika maisha yangu.

Ngoja niwape toka mwanzo, maana mwenzenu hata leo nikikumbuka naona aibu.

Nilikuwa na duka. Unga, mafuta, vocha, na friji moja ya bia pale kwenye kona. Leseni ya duka kama langu inakuruhusu kuuza bia mwisho saa mbili usiku. Ikifika saa mbili, friji inapigwa kufuli.

Tabu ilianza pale kituo cha mafuta kilipofungua duka lake. Wao walipewa hadi saa tano. Sasa mtu akitoka kazini anachukua bia yake huko, mkate huko huko, mayai huko huko. Mimi nikabaki na watoto wanaotumwa kiberiti.

Mwenye nyumba akaja akasimama mlangoni, hata kiti hakutaka.

"Mama Pacha, nakupa mwezi mmoja. Duka lisipochangamka, kuna fundi simu anakitaka chumba."

Nikakimbilia ofisi ya leseni kuomba nami saa tano. Karani akanipa tangazo lenye jina langu na mhuri.

"Libandike mlangoni siku kumi na nne mfululizo, majirani walione. Mkaguzi atakuwa anapita kila asubuhi. Likikosekana siku moja tu, tunaanza kuhesabu upya."

Siku ya tatu, asubuhi naukuta mlango mtupu.

Nikasema upepo huo. Nikaomba jingine. Likakaa siku nne, likayeyuka. La tatu nikaligandisha kwa gundi ya viatu. Siku sita, halipo.

Jamani, nilichanganyikiwa. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na tano za mwenye nyumba, na karani anataka kumi na nne. Nikifumba macho naona pacha wangu wamefukuzwa shule.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, mama mtaratibu, hanywi, hapendi kelele. Siku nabandika tangazo la kwanza alilisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kwangu mimi ushahidi ukawa umetosha.

Na mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Nilimvaa mbele ya wateja wake, nikampa vidonge vyake.

"Roho mbaya ndiyo imekufanya ushone viraka vya watu mpaka uzeeni," nikamwambia.

Akainama, akaendelea kushona.

Nikabandika tangazo la nne, la mwisho. Kila jioni mimi naingia zamu hospitali, nafua mashuka hadi asubuhi, na dukani anakaa mume wangu, Baba Pacha. Siku hiyo nikamwomba mwenzangu wa kazini animalizie saa ya mwisho. Nikarudi alfajiri, jiwe mkononi.

Nikamkuta mtu mlangoni, kachuchumaa na birika la maji ya moto. Analowesha kitambaa, analainisha gundi polepole.

"Wewe."

Akageuka. Baba Pacha.

Jiwe likanidondoka. Hakukimbia, hata hakusimama.

"Sikutaka lichanike," akasema. "Lina jina lako."

Akaniingiza dukani, akainua gunia la maharage. Matangazo yangu yote matatu yalikuwa pale chini, yamekunjwa vizuri.

Sasa niwaambie jambo. Baba Pacha alikuwa mlevi. Mlevi wa kuokotwa. Siku hiyo alikuwa na mwaka na miezi miwili hajaonja, na mimi nilishaisahau kabisa hiyo habari. Mtu akishakuondolea tabu, unaona kama haikuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siku ulipolileta hilo tangazo ulikuwa unacheka. Nilikuwa sijakuona unacheka muda mrefu."

Kisha akafunguka, huku anaangalia sakafu.

"Ikigonga saa mbili nafunga friji, ufunguo nampelekea fundi cherehani hapo ukutani. Analala nao yeye. Nilimwomba mwenyewe. Kuanzia saa moja natazama saa tu. Saa mbili naifika, Mama Pacha. Saa tano siifiki. Nimejipima, siifiki."

Nitakuwa mwongo nikisema nilimwonea huruma. Nilikasirika kwanza.

"Na watoto watakula nini?"

"Sijui."

Mimi pia sikujua. Niache hospitali nikae dukani mwenyewe? Mshahara wa hospitali ndio uliokuwa unatulipia vyumba tunavyolala. Nikakaa juu ya kreti nikalia mpaka kukakucha, na yeye kakaa chini pembeni yangu, hanigusi, anaogopa.

Mkaguzi akapita na pikipiki yake. Akaona mlango mtupu, akasimama.

"Mama, wamelichukua tena?"

"Hapana," nikasema. "Safari hii nimelitoa mwenyewe."

Duka halikufika mwisho wa mwezi. Fundi simu alihamia, na sisi tukabeba friji na mizani kwenye mkokoteni, mtaa mzima unaangalia. Ni mwaka wa tatu sasa. Tunaishi kwa mshahara wangu na vibarua vyake, na kuna siku tunakula mara moja. Lakini Baba Pacha hajagusa chupa.

Kwa fundi cherehani ilinichukua wiki nzima kupiga moyo konde na kwenda. Nilimkuta anapindisha suruali.

"Siku ile nilivyokutukana, si ungenijibu tu? Ungesema ukweli nikanyamaza."

Hakuinua macho.

"Ningekujibuje, mama? Wateja walikuwa wamejaa. Ningekujibu, ningemwanika mumeo."

Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Nimeyaandika haya kwa ajili yako unayehangaika na vibali, unataka kuongeza saa ili familia ipone. Nakuelewa, maji yamekufika shingoni. Lakini kabla hujaenda kwa karani na kwa majirani, muulize kwanza yule atakayezikaa hizo saa. Mimi niliwaomba ruhusa watu wote, nikamruka mume wangu.