Niliyomwambia Mungu Badala ya Salvatori

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tisa, mwanangu, nimesimama ghorofa ya pili ya jengo la fleti mtaa wa Umbilo, hapa Durban, mkono uko juu tayari kugonga mlango, nao haugongi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nyuma ya mlango ule hakukuwa na askari wala mtu wa kunidhuru. Alikuwamo mzee wa miaka themanini na kitu, karibu kipofu, akinisubiri nimsomee vitabu. Lakini siku hiyo nilikuwa nabeba jambo ambalo hakuna mtu mwingine Durban aliyelijua, na niliogopa kwamba akinisikia sauti tu, atalijua.

Ngoja nianze mwanzo, maana nimezoea kuyaweka mambo kwa mpangilio, na hofu ikisimuliwa ovyo inakuwa hadithi ya kutishia watoto.

Mzee huyo nitamwita Rubeni. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa hapahapa Durban, wazazi wake walikuja kwa meli kutoka Ulaya. Maisha yake yote alishona sare za shule. Macho yalipomwisha, binti yake aliyekuwa Johannesburg alitafuta mtu wa kumsomea alasiri tatu kwa wiki, akanipata mimi kupitia mlinzi wa jengo, Mrundi mwenzangu. Kiingereza nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi na magazeti ya zamani, kwa hiyo nilisoma polepole na kwa sauti moja. "Donasiani," alikuwa akiniambia, "hapo nabii analia. Wewe unasoma kama unatangaza saa za treni."

Vitabu vile, vya dini yake ya Kiyahudi, vilinishika. Sikuwahi kujua kwamba ndani ya dini wanaweza kuinuka watu wakaipindua bila kuiacha. Manabii walisimama mbele ya Hekalu lililojaa moshi wa sadaka wakasema Mungu amechoshwa na moshi huo, anataka mjane atendewe haki. Kisha Hekalu likachomwa, na walimu waliobaki hawakusema dini imekwisha. Walisema sala, toba na wema kwa jirani vitafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na madhabahu. Karne nyingi baadaye, katika vijiji vya matope mashariki ya Ulaya, wakatokea wengine waliofundisha kwamba mchukuzi asiyejua kusoma, akiimba kwa moyo uliovunjika, anaweza kumkaribia Mungu kuliko msomi anayejivuna. Mimi nilikuwa mkimbizi niliyepoteza nyumba, nchi na karibu kila mtu aliyenijua utotoni. Niliposoma kuhusu watu waliochomewa nyumba ya Mungu, nao wakaijenga tena mezani kwao na midomoni mwao, nilihisi nimeandikiwa mimi.

Nilinunua daftari nikaligawa safu tatu: nani alisema, alipindua nini, nani alimkasirikia. Jumapili, katika kikundi chetu cha sala, Warundi kama sitini katika ukumbi wa kukodi kule mtaa wa Point, nilisimama nikayafundisha. Watu walipenda. Mama Spesi, mjane aliyekuwa akiuza vitenge, aliniita "profesa wetu". Kwa miezi kumi nilifundisha upya wa roho, mwanangu, na miezi hiyo yote kulikuwa na mtu aliyekosa pa kulala kwa sababu ya mdomo wangu.

Mtu huyo ni Salvatori. Alikuwa amefika Durban mwaka uliotangulia, mkimya, rika langu, tukampa nafasi ya godoro katika chumba chetu cha Point. Wewe umezaliwa huku, huenda hujui jinsi sisi Warundi wa wakati ule tulivyopokeana. Hatukumuuliza mtu yeye ni nani. Tulimuuliza anatoka mlima gani, maana kwetu mlima ndio kijiji, na alikimbia mwaka gani, na kwa majibu hayo mawili tulimtungia maisha yote: alikuwa upande wa nani, alipoteza nani, tumwogope kiasi gani. Salvatori aliutaja mlima wake. Mwaka hakuutaja. Alisema, "Nilikimbia kama nyinyi," akaendelea kukunja shati lake.

Ule mlima niliujua. Chini yake kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani ambapo watu walishushwa kwenye magari na wengine hawakupanda tena. Nikiwa na miaka kumi na tano, wakati wa vita, nilipitishwa hapo nimelala chini ya magunia ya maharage, na kwenye upenyo kati ya magunia niliona miguu, na mara moja tu, uso wa mmoja wa wale waliokuwa wakiwashusha watu. Tangu siku hiyo nimeuona uso ule kwa watu wengi wasio na hatia. Nikauona na kwa Salvatori. Jumamosi moja kwa kinyozi, watu wakibishana kwa nini huyu mgeni hasemi mwaka wake, nilisema: "Mimi namjua. Alikuwa kwenye bariyeri."

Sikusema nadhani. Ningesema nadhani, labda yangeishia palepale kwenye kiti cha kinyozi.

Mume wa Mama Spesi alikuwa ameshushwa kwenye basi mahali hapohapo. Kabla jua halijazama godoro la Salvatori lilikuwa nje, kando ya robot, zile taa za barabarani, watu wakilizunguka. Hakuna aliyempiga, na hakuna aliyemuuliza chochote. Alikunja blanketi lake, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka bila kujitetea. Nami nikahesabu kutojitetea kwake kuwa ushahidi.

Miezi kumi ilipita. Siku moja, kwenye foleni ya teksi, nikakutana na kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, aliyekuwa njiani kwenda Cape Town. Tukazungumza mawili matatu, akaniuliza, "Kaka, Salvatori unamjua? Nasikia yuko hapahapa Durban. Eish, yule jamaa! Kule Kigoma tulilala chini ya turubai moja mwaka mzima. Alikuwa analia akimwita mama yake, tunakosa usingizi, mpaka tukamwita Redio." Akautaja mwaka. Ulikuwa ni ule ule niliopita mimi chini ya magunia.

Kijana akapanda teksi yake, akaenda. Hakujua alichoniambia.

Sasa ukweli ulikuwa kwangu peke yangu, na ningeweza kuuzika. Nitakueleza nilichoogopa, kwa sababu wazee wengi wanaposimulia makosa yao huiruka sehemu hii. Niliogopa godoro langu nalo kuwekwa kando ya robot. Nilimwogopa Mama Spesi. Zaidi ya yote niliogopa swali ambalo lazima mtu angeliuliza: huyu aliyesema uongo kuhusu bariyeri, yeye aliijuaje vizuri hivyo? Mtu angeweza kuutazama uso wangu akaona humo uso anaoutafuta, kama nilivyofanya mimi.

Basi nikafanya nilichokijua. Nilifunga siku mbili. Wenzangu walipokuwa kazini nilipiga magoti sakafuni nikamwambia Mungu kila kitu, nikalia hadi nikachoka. Nilipoinuka nilijisikia mwepesi. Nikaandika daftarini: leo nimefanywa upya. Lakini nilipofika Umbilo, kwenye ule mlango, wepesi wote ukawa umekwisha.

Niligonga mwishowe. Mzee Rubeni alikuwa amekaa karibu na simu.

"Leo hatusomi," alisema. "Siku ya Upatanisho ni wiki ijayo. Nina watu wa kuwapigia, na namba sizioni. Utanibonyezea."

Nikambonyezea. Alimpigia shemeji yake, akaomba radhi kwa maneno aliyoyasema kwenye mazishi ya kaka yake. Akampigia mwanamke aliyewahi kumfanyia kazi ya kushona, akamwambia alimsingizia kuharibu kitambaa kumbe alikikata vibaya mwenyewe. Mwanamke yule alicheka, nikasikia akisema ni miaka thelathini sasa. "Kwangu bado," alijibu mzee. Wa tatu alikata simu. Mzee akasema tutampigia tena kesho, kwa sauti ileile, kama mtu anayepanga kwenda sokoni.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, Donasiani. Binti yangu alipokuja kunitembelea, nilicheka usomaji wako mbele yake, ukiwa umesimama palepale. Naomba unisamehe."

Hapo nilishindwa kujizuia, mwanangu. Nilimwambia yote, kuanzia magunia hadi foleni ya teksi.

Akauliza, "Umemwambia nani?"

"Mungu. Nimefunga siku mbili, nimelia."

"Je, godoro uliloliweka barabarani lilikuwa la Mungu?"

Akaniambia kwamba walimu wake wa zamani walifundisha jambo ambalo yeye aliliona kuwa kubwa kuliko mapinduzi yote niliyoyaandika daftarini: Siku ya Upatanisho husafisha yaliyo kati ya mtu na Mungu, lakini yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyagusi mpaka amwendee huyo mwenzake. Mungu amejizuia mwenyewe. Hasamehi kwa niaba ya Salvatori.

"Utakwenda na watu watatu wa kushuhudia," alisema. "Akikataa utarudi. Akikataa tena utarudi, mara ya tatu. Ila sitakuficha kitu. Kwa makosa mengine, anayeombwa hivyo akakataa huitwa mkatili. Kwa hili lako, la kuharibu jina la mtu kwa uongo, wako walimu waliosema halazimiki kusamehe. Anaweza kukataa mpaka anazikwa, na hana lawama."

"Kama ni hivyo, niende kufanya nini?"

"Kila mtu anayelisikia jina lake leo, anasikia sauti yako. Nenda ukaitoe."

Jumapili nilisimama ukumbini. Walidhani nafundisha, wengine wakafungua madaftari. Nikashika meza kwa mikono miwili. Nilisema: niliyoyasema kwa kinyozi kuhusu Salvatori hayakuwa kweli. Mwaka ule alikuwa Kigoma. Nilihofia uso, nikautafutia mtu wa kuuvika.

Swali nililoliogopa lilitoka nyuma kabisa. "Na wewe, profesa, bariyeri uliijuaje vizuri hivyo?"

Nikawaeleza habari ya magunia. Wapo walioniamini. Wapo ambao mpaka leo, miaka ishirini na zaidi, hawajaniamini, na siwalaumu.

Mama Spesi alisimama. "Miezi kumi namchukia mtu asiyehusika," alisema. "Nimempikia chuki kila siku. Sasa niipeleke wapi? Niambie wewe uliyesoma." Akafunga kitenge chake vizuri. "Yuko wapi huyo kijana? Nami nilishika upande mmoja wa godoro lile. Nitakwenda."

Tulimpata Salvatori mtaa wa Bluff, katika uwanja wa nyumba ya mzee mmoja Mwislamu, ambapo alikuwa akipiga msasa magari kabla hayajapakwa rangi. Tulikuwa wanne: mimi, Mama Spesi, kinyozi na mchungaji wetu. Alipotuona tunaingia, Warundi wanne kwa pamoja, alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, na mkononi ameshika spana. Yule niliyewafanya watu wamwogope alikuwa anatuogopa sisi. Nilisema niliyokuja kusema, mbele ya mashahidi, nikaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Sharp, sawa. Sasa tokeni."

Tulirudi baada ya wiki mbili. Hakutufungulia geti.

Mara ya tatu alikuja mwenyewe mpaka getini, nguo zimejaa vumbi la msasa. "Donasiani," alisema, "sijakusamehe. Labda sitakusamehe. Nataka ujue kitu kimoja tu. Nikisikia Kirundi njiani, navuka nakwenda upande wa pili wa barabara. Lugha ya mama yangu. Naikimbia kama ninavyowakimbia polisi." Kisha akamtazama Mama Spesi kwa muda mrefu. "Wewe, mama, ingia. Kuna chai."

Alimfungulia yeye na wale wawili. Mimi nilibaki nje, geti limefungwa tena. Sikuondoka. Mwanzoni nilisikia vikombe tu. Halafu Mama Spesi akauliza jambo, na Salvatori akamjibu, kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika kabla ya kuukanyagia.

Mwanangu, usiache kusoma. Soma ya Wayahudi, soma ya watu wote waliothubutu kuitikisa nyumba waliyoipenda. Lakini usihesabu kwamba umefanywa upya kwa sababu wazo limekutoa machozi. Upya wa roho una anwani: mtaa fulani, mtu fulani, aliyeumizwa nawe. Ukimkwepa huyo ukakimbilia kwa Mungu, umekwenda ofisi isiyo yako, na utarudishwa. Jambo usilolijua kwa hakika, sema hulijui, hasa linapokuwa jina la mtu, na hasa siku hizi ambapo neno linatoka Point na kufika Bujumbura kabla hujaweka simu mfukoni. Na ukishakosa, usingoje hofu iishe ndipo uende. Haiishi. Mimi nilikwenda nayo mara zote tatu. Wala usimdai uliyemkosea akusamehe. Mpe ukweli wake, kisha mwachie.

Mungu aulinde ulimi wako, na akulinde na ndimi zetu sisi wengine. Akupe rafiki wa kukuuliza maswali magumu ungali kijana. Akupe miguu ya kwenda pale usipotaka kwenda, na watu watatu wa kukusindikiza. Na ukinyimwa msamaha, akujalie kuishi kwa haki bila huo, siku zako zote. Amina.