Kuvu Kwenye Chupa ya Malkia

Harufu ya kuvu mimi huijua kabla sijaiona. Juzi nilifungua mkoba wa shule wa binti yangu, nikakuta sweta aliyoisahau humo ikiwa bado mbichi, na harufu ile ikanipanda puani, chungu kidogo, kama majani ya chai yaliyolala ndani ya birika. Nikakaa kitandani na sweta mkononi. Nilimkumbuka kaka yangu Otieno na malkia wake.

Tulikuwa tukiishi kambini, kwenye shamba la chai upande wa Kericho, kwa sababu baba alifanya kazi kiwandani. Kule mvua hunyesha karibu kila alasiri. Siku moja ilipokatika, watoto wenzetu wakiokota kumbikumbi wa kukaanga, Otieno aliokota sisimizi mmoja mkubwa, mweusi, aliyekuwa akijivua mabawa.

"Huyu ni malkia," akaniambia. "Atazaa kijiji kizima."

Akamweka ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, pamoja na pamba iliyoloweshwa maji ili asife kiu. Chupa za namna hiyo hazikukosekana kwetu. Kifua cha Otieno kilikuwa kikipiga filimbi tangu nipate akili.

Malkia akataga mayai madogo kama chembe za sukari. Kisha pamba ikaota kuvu, kwanza ya kijivu, halafu nyeusi, ikawa inatambaa kuelekea mayai. Mimi nilitaka tumtoe kwa kijiti. Otieno akanishika mkono.

"Ukimshtua atakula mayai yake."

Mama akatuchemshia chupa nyingine. Tukaweka pamba mpya, tukaunganisha midomo ya chupa kwa plasta, ile mpya tukaifunika kitambaa cheusi na ya zamani tukaiacha kwenye mwanga wa dirisha, ili ahame mwenyewe. Tukangoja, Otieno akijibana asikohoe na kutikisa meza. Mwishowe malkia alihama, mayai mdomoni, akarudi kuchukua mengine. Mama aliacha maharagwe yake akaja kutazama. Sisi tulirukaruka. Yeye alikuwa ameshageukia ukuta wa nyuma ya kitanda chetu, ule aliousugua kwa majivu kila Jumamosi na bado ukarudi kuwa mweusi kwa kuvu.

Msimamizi wa nyumba za shamba alipopita jioni, mama alimsimamisha mlangoni.

"Tupatie nyumba ingine, hata ikiwa ndogo. Huyu mtoto hapumui."

"Nyumba zote ni hivyo, Mama Otieno. Kama hii hamtaki, kuna watu wanaingoja."

Baba alikuwa ameketi ndani, akisikia yote. Nilimchukia kwa kunyamaza kule.

Shule zilipofungwa, Otieno akapelekwa kwa nyanya, karibu na ziwa, kwenye jua kali. Tuliambiwa ni likizo. Shule zikafunguliwa, hakurudi. Otieno alikuwa ameniachia mimi malkia wake. Mvua ikazidi, kuvu ikaingia tena, na asubuhi moja nikamkuta amelala ubavu katikati ya mayai yake. Mama aliichukua chupa.

"Usimwambie Otieno," akasema.

Kaka yangu alipona kule. Akakua, akabadilika hata lafudhi, na alipokuja Krismasi alibisha hodi kama mgeni. Mimi nilikua nikiamini kwamba yeye ndiye aliyependwa, maana ndiye aliyetafutiwa mahali pazuri. Siku tulipomzika mama, tumekaa nyuma ya hema, nilimwambia hivyo, nikitaka tucheke.

"Mimi nilijua ni wewe walipenda," akasema. "Si ndiyo maana walibaki na wewe?"

Baba angemjibu msimamizi neno moja siku ile, kazi na nyumba vingepotea pamoja. Hilo nimelielewa sasa, nikiwa na watoto na mwajiri wangu mwenyewe. Walitutenganisha ili mmoja apate kupumua, na hakuna kati yao aliyepata nguvu za kutueleza. Otieno aliniaga pale kaburini kwa kunipa mkono, vile mtu humuaga jirani, kisha akaenda kutafuta gari lake.