Hema Nyeupe Uani kwa Nelius

Umande haujakauka kwenye majani ya chai ya Kianjokoma, kaunti ya Embu, na Nelius Rwamba tayari ana kilo nne kapuni. Vidole vinachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila yeye kuvitazama. Macho yako kwingine, kule juu, mlima unakojitokeza asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

"Mama Tenti!" anaita Kaari, mchumaji wa mstari wa pili. "Jana ulilala kwako ama kambini?"

"Nililala kwako," anajibu Nelius bila kuinua kichwa. "Hukuniona? Mume wako aliniona."

Mistari yote inacheka. Nelius hacheki. Anafunga vizuri plastiki iliyo kiunoni na kuendelea.

Ni mjane wa miaka 58. Hulipwa shilingi kumi kwa kilo, na siku ikiwa njema hufikisha kilo thelathini. Mwaka huu wote amesumbuliwa na swali ambalo majirani wanaliona la kichaa: anunue hema akalale mlimani, au asinunue?

Watu wa huku hulala nje kwa sababu mbili tu: kulinda mahindi yasiliwe na ndovu, au kufungiwa mlango na bibi. Kulala nje kwa kupenda ni kazi ya wageni.

Marehemu mumewe, Njoka, aliwabebea wageni hao mizigo kwa miaka kumi na tisa. Alipanda na mahema yao, sufuria zao, mayai yao.

"Aliwahi kubeba choo," Nelius anasimulia. "Cha kukunja! Akakifikisha karibu na barafu, mgeni mwenyewe akakikalia mara moja tu. Nikamwambia, baba Runji, huyo tungemlipisha."

Njoka aliwasimamishia wageni hema, akawatandikia, kisha yeye akaenda kulala kwenye banda la mabati la wabebaji. Chini aliweka gunia la mbolea, juu blanketi. Akirudi nyumbani alikuwa na kikohozi na hadithi za ziwa dogo lililo juu ya msitu wa mianzi, ambalo asubuhi hutulia mpaka unaona mlima mara mbili.

"Disemba nitakupeleka," alimwambia mkewe. Disemba ya kwanza ikaja na karo ya mtoto wao Runji. Nyingine ng'ombe akafa. Nyingine paa likavuja. Disemba zikaisha kabla ahadi haijatimia.

Mwaka wa 2020 wageni walikatika, na kifua cha Njoka kikakataa kabisa. Alifariki Julai, hospitalini. Ulikuwa wakati wa korona. Alizikwa siku iliyofuata na wanaume waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, watu kumi na watano wakihesabiwa langoni. Hapakuwa na hema uani, wala sufuria ya chai, wala wimbo.

"Nilimwona akizikwa nikiwa ng'ambo ya bonde," anasema Wanjira, rafiki ya Nelius kwa miaka thelathini. "Mimi nilikuwa mtu wa kumi na sita."

Miaka minne baadaye, Nelius alishuka Embu mjini kwa Riungu, aliyebeba mizigo pamoja na Njoka na ambaye sasa huuza vifaa vya kambi vya mtumba. Hema ya watu wawili ilikuwa shilingi elfu saba. Hayo ni majani ya karibu mwezi mzima, bila kula.

"Mama, usinunue," Riungu alimwambia. "Wewe ni mgeni wa hii kazi. Langoni mwa mlima wanakodisha, mia saba kwa usiku. Watu wananunua kwa furaha, wanalala siku moja, halafu panya wanarithi."

"Sasa wewe ni muuzaji wa aina gani?"

"Muuzaji aliyekula kwako, mama. Chukua hii ujaribu nyumbani wiki moja. Ukiipenda tutaongea bei."

Nelius aliisimamisha Jumamosi jioni, kati ya migomba na kaburi la Njoka. Ilimchukua saa mbili na matusi kadhaa. Mkononi mwa mume kazi hiyo ilikuwa ya dakika kumi. Akaingia, akavuta zipu, akalala.

Kosa lake ni kwamba hema ilikuwa nyeupe.

Huku hema nyeupe haisimami uani ghafla ila kwa msiba. Jua lilipochomoza, Wanjira aliiona kutoka ng'ambo ya bonde. Kwa mbali haikuonyesha ukubwa wake. Aliona hema kwa Nelius, na Nelius anaishi peke yake. Akapiga hesabu.

"Ngai!" anakumbuka. "Nilijua ni yeye. Nikaita kanisa zima."

Saa moja na nusu wanawake kumi na wawili waliingia uani wakiimba wimbo wa kuaga, wakiwa na sukari, majani ya chai na maziwa kama desturi inavyotaka. Walipofika ubeti wa pili, zipu ikafunguka. Marehemu akatoka kwa magoti, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, akauliza nani amekufa.

Sukari ya Wanjira ilianguka.

"Ni wewe!" akapiga kelele. "Ni wewe umekufa, mama Runji! Mbona unatembea?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndipo mmoja wao, Celina, alipogeuka akaona kaburi, na majani mabichi yaliyoota juu yake. Kicheko kikakatika.

"Huyu hatukumlilia," alisema.

Hakuna aliyependekeza lolote. Moto uliwashwa, chai ikapikwa, wimbo ukaanzwa upya kutoka ubeti wa kwanza. Walikaa na Nelius mpaka jua likavuka migomba, wakimtaja Njoka kwa jina. Wanjira alilia kuliko mjane. Kanisani siku hiyo, inasemekana, mhubiri aliwahubiria wanaume peke yao.

Jumatatu Nelius aliirudisha hema.

"Sinunui," alimwambia Riungu. "Nikiiweka nje, kijiji kinalia. Nikiiweka ndani, nalia mimi."

Riungu alikubali, lakini akamshika mkono. Alimweleza kwamba wanaoanza hununua mfuko mnene wa kulalia na kusahau cha kuweka chini yake. Baridi ya mlimani, alisema, hutoka kwenye ardhi. Inapanda mgongoni usiku kucha.

Nelius aliuliza, "Na gunia la mbolea?"

Riungu aliangalia pembeni. "Gunia si kitu, mama. Sisi wote tulikuwa na gunia."

Alinunua kigodoro kimoja cha kukunja, shilingi mia tisa.

Disemba hii, barabara ikikauka, atapanda na Wanjira, anayeogopa ndovu lakini anasema hatakuwa mtu wa kumi na sita tena. Hema watakodisha langoni. Watalala usiku mmoja kando ya ziwa, na asubuhi Nelius atauona mlima mara mbili.

Kigodoro hakitashuka naye. Atakiacha kwenye banda la mabati, pale kwenye ukuta wa nyuma ambapo Njoka alikuwa analala.

"Kuna mtu atafika pale jioni na gunia lake," anasema, akimwaga kapu kwenye mizani. "Alale vizuri. Mke wake anamngoja."