Njaa ya Wifi Desanka

Kwetu Serbia, siku ya mtakatifu wa ukoo mwenyeji haketi. Anapokea na kuhudumia wageni akiwa wima mpaka wa mwisho aondoke. Kaka yangu alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia mjane wake, Desanka, mwenye kilo mia na kumi na nne na magoti mabovu. Mwaka wa kwanza aliketi saa sita mchana. Vitomir, mdogo wa marehemu, hakumung'unya maneno.

"Shemeji, mwakani ukiketi tena, mshumaa wa ukoo nauhamishia kwangu, na sherehe pamoja nao."

Desanka akategemea mfungo wa Pasaka umpunguze uzito. Wiki saba hakugusa nyama, yai wala maziwa. Lakini mkate, viazi vya kukaanga na halua havikukatazwa, akavishindilia kwa dhamiri safi. Akaongeza kilo nne.

"Umeacha nyama, mama, ukahamia kwenye mkate," daktari alimwambia, akampangia samaki, maharage na kabichi kwanza, mkate kipande kimoja mwishoni.

Kufikia Oktoba alikuwa amepungua kilo ishirini. Hapo ndipo njaa ilipomvamia.

"Wifi, nimetoka mezani sasa hivi, na naweza kula hata huo mlango."

Nilicheka. Yeye akalia, akasema ni mlafi tu. Nikamrudisha kwa daktari.

"Mafuta ya mwilini hutoa homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo," daktari alieleza. "Yakipungua, homoni hiyo hushuka, na ile ya njaa inayotoka tumboni hupanda. Mwili unadhani kuna ukame. Huenda ukang'ang'ania hivyo mwaka mzima, hata zaidi. Si ulafi, mama."

Desanka aliweka kiganja tumboni. "Kumbe muda wote huu unanilinda?"

Miaka thelathini nimemjua mwanamke huyu, na kimoyomoyo nimemwita mlafi, kumbe ndani yake kuna mlinzi asiyelala, anayempigania bila kuulizwa. Niliona aibu, na niliogopa kidogo, kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

Desemba, siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa ukoo wetu, nyumba ilijaa. Saa tisa njaa ikampanda, niliiona usoni. Jirani akamsogezea keki.

"Onja, au tumekuudhi?"

"Mniudhi nyie? Kula wewe, mimi nina sahani yangu." Akala samaki na maharage akiwa amesimama karibu na jiko, akarudi kwa wageni.

Vitomir alikuwa wa mwisho kuondoka. Mlangoni alivua kofia.

"Mwakani nije saa ngapi, mwenyeji?"

"Saa sita. Usichelewe."

Mlango ulipofungwa, Desanka akaketi, miguu ikimtetemeka.

"Mwili bado unaniita nile, wifi," akasema. "Na kesho utaniita."